Itifaki ya Strong kwenye mizani ya neno moja: homoiosis

Itifaki ya James Strong, kitabu kinachoorodhesha kila neno la Biblia na mistari lilimo, ilitoka mwaka 1890, na mpaka leo asiyesoma Kigiriki akitaka kujua neno lililo nyuma ya tafsiri, mara nyingi huanza nayo. Tumeipima kwa neno homoiosis, yaani mfanano. Katika Agano Jipya lote neno hili limo mara moja tu, Yakobo 3:9, pale ulimi unapowalaani wanadamu "waliofanywa kwa mfano wa Mungu".

Msomaji wa Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, ana sababu ya pekee ya kuihitaji. "Mfano" wa Yakobo 3:9 ni homoiosis, lakini "mfano" wa Wakolosai 1:15 ni eikon. Eikon hiyohiyo inageuka "sura" katika 2 Wakorintho 4:4, kisha "sanamu" kwenye ile dinari ya Mathayo 22:20. Kwa Kiswahili peke yake hutajua lipi ni lipi.

Itifaki imejengwa juu ya King James, tafsiri ya zamani ya Kiingereza, kwa hiyo unaanza na neno la Kiingereza la tafsiri hiyo, si la nyingine. Hapa ndipo watu hukwama. Wanafungua "image" au "likeness", hawaikuti Yakobo 3:9, wanadhani imesahauliwa. King James iliandika "similitude". Shuka chini ya neno hilo mpaka Yakobo, na mwishoni mwa mstari utaona 3669, namba ambayo Strong amelipa neno la asili, nayo inakupeleka kwenye kamusi iliyo nyuma ya kitabu. Namba za mlazo (italiki) ni za Kigiriki, zilizosimama wima ni za Kiebrania. Usipoangalia hilo ukafungua kamusi ya Kiebrania, 3669 itakupa "Mkanaani"!

Chini ya "similitude" hiyohiyo, Warumi 5:14 ina 3667, homoioma, na Waebrania 7:15 ina 3665, homoiotes. Neno moja la Kiingereza, matatu ya Kigiriki, na unayaona bila kujua hata alfa. Kwa kazi hii kitabu hakijachakaa hata kidogo.

Kamusi ya nyuma ndiyo inayohitaji tahadhari. Maelezo ya 3669 ni mafupi mno: linatokana na kitenzi 3666, kufananisha, na maana yake ni mfanano. Kisha inakuja alama ya nukta mbili na kistari. Yanayofuata alama hiyo si maana za neno; ni orodha ya namna King James ilivyolitafsiri. Kwa homoiosis liko moja tu, hakuna madhara. Kwa maneno yenye orodha ndefu, wahubiri huchagua linalowapendeza na kusema "Kigiriki chake ni hiki". Kosa hilo ni la mtumiaji, ila kitabu kingeweza kumwonya waziwazi zaidi.

Upungufu mkubwa ni kwamba Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kigiriki, haimo. Yakobo anaandika kath' homoiosin, maneno yaleyale ya Mwanzo 1:26 katika Kigiriki: kat' eikona hemeteran kai kath' homoiosin, "kwa sura yetu na kwa mfano". Ukiifuata Mwanzo 1:26 ndani ya Strong utapewa namba za Kiebrania, 6754 tselem na 1823 demuth, na uzi unaoifikia Yakobo unakatika hapo. Wala hutagundua kwamba ile "na", kai, iliyoko kati ya eikon na homoiosis imeongezwa na wafasiri wa Kigiriki, Kiebrania hakina. Mafundisho mengi yanayotenganisha sura na mfano, tangu Irenaeo, mwalimu wa kanisa la kwanza, yanasimama karibu na "na" hiyo, kwa hiyo si jambo dogo.

Septuaginta pia inazuia hoja moja inayopendwa: kwamba kiishio -sis huonyesha tendo, basi homoiosis ni safari ya kuendelea kufanana na Mungu. Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, alilitumia hivyo, kweli. Lakini Ezekieli 1:10 hutumia homoiosis kwa nyuso za wale viumbe hai, namna zinavyoonekana tu, bila safari yoyote. Kiishio peke yake hakithibitishi kitu.

Na kitenzi je? Strong hukupa 1096, ginomai, shina tupu. Yakobo aliandika gegonotas, hali timilifu: wamefanywa, na wangali hivyo. Anawasema watu wanaolaaniwa leo, si Adamu wa bustanini kabla ya kuanguka. Nguvu yote ya karipio lake imo katika umbo hilo, na namba haiwezi kulionyesha.

Inunuliwe? Ndiyo, au itumiwe ndani ya programu ya Biblia, ambako kubofya namba kunaondoa shida ya mlazo na wima. Kando yake weka Septuaginta yenye tafsiri sambamba, na ukishazoea herufi za Kigiriki ongeza itifaki ya Septuaginta ya Hatch na Redpath ya 1897. Hiyo, chini ya homoiosis, itakuonyesha ni neno gani la Kiebrania liko nyuma ya kila mstari.