Walimu wa piano wa hii studio wako vizuri sana

Kilichonivutia hapa ni walimu wenyewe, mmoja kasindikiza waimbaji wa opera miaka mingi kabla hajaanza kufundisha ndo maana anakuonyesha muziki unavuta pumzi wapi, sio kubonyeza tu, mwingine katokea kwenye jazi huyo karatasi ya nota anaiweka pembeni anataka usikilize kwanza. Na kwa kweli umaarufu wa jukwaani sio kila kitu, mpiga piano wa zamani Czerny, aliyefundishwa na mtunzi Beethoven akaja kumfundisha mpiga piano maarufu Liszt, anakumbukwa zaidi kwa ualimu. Mi namkubali zaidi mwalimu wa watoto, kasomea ualimu kabisa, mtoto akikosea hamkatishi, anamwacha amalize ndo wanarudia ile sehemu taratibu. Ratiba tu inabana, wikendi kupata nafasi ni kazi.