Cheti cha jina la Okoth: fremu safi, maandishi ilibidi tuyaandike upya

Baba ametimiza miaka 70 mwezi wa sita mwaka huu. Sisi watoto tukakubaliana kwamba safari hii hakuna shati wala redio, tumpe kitu cha kutundika ukutani. Mdogo wangu aliyeko Dar ndiye aliyeliona duka linalochapa vyeti vya majina ya ukoo. Unawatumia jina, wanakuandalia asili yake, maana yake, na ramani ya sehemu lilikoenea, juu wanaweka nembo, kisha wanatia kwenye fremu. Sh 95,000, usafiri juu yako. Tukawatumia jina letu la mwisho, Okoth. Duka silitaji, maana wanaouza kitu hiki ni wengi na naona wote wanachota kisima kimoja.

Kwa kazi ya mikono nawasifu bila kusitasita. Fremu ni ya mbao ngumu, kona zimekutana barabara, mbele kuna kioo halisi. Karatasi ni nene, ya rangi ya maziwa, na maandishi ya dhahabu hayatoki. Nilipitisha kidole chenye maji kuhakikisha. Mzigo ulisafiri kwa basi kutoka Dar, nikaupokea stendi hapa Mwanza ukiwa ndani ya maboksi mawili yenye sponji pande zote. Haukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Shida ilianza baba alipovaa miwani.

Juu kulikuwa na ngao, mikuki miwili na simba amesimama kwa miguu ya nyuma. Chini yake waliandika kwamba Okoth ni ukoo wa mashujaa, kwamba wote wenye jina hili wametokana na babu mmoja na ni damu moja. Baba alisoma mpaka mwisho, akarudia tena juu, akaniuliza kwa upole: "Achieng', mwanangu, huyu Okoth wao ni yupi? Na huyu simba ametoka wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi najua Okoth si ukoo. Kwa Kijaluo, koth ni mvua. Mtoto wa kiume akizaliwa mvua inanyesha ni Okoth, wa kike ni Akoth. Ndivyo majina yetu mengi yalivyo: yanashika saa au hali mtoto aliyoikuta anapotoka. Usiku ni Otieno na Atieno, jioni Odhiambo na Adhiambo, jua likiwaka Ochieng' na Achieng'. Aliyezaliwa mama yuko njiani ni Oyoo, wakati wa palizi Odoyo, wakati wa mavuno Okeyo. Mapacha ni Opiyo kwa anayetangulia na Odongo kwa anayefuata, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Okello. Kwa hiyo nikikutana na Okoth mwingine kwenye daladala, ninachojua kwa uhakika ni kwamba mahali fulani mtu alizaliwa kukiwa na mvua. Undugu ni habari nyingine.

Okoth wetu ni babu yangu mzaa baba. Alizaliwa kule Rorya wakati wa masika, usiku ambao mto Mori ulijaa hata mkunga akashindwa kuvuka, na mama yake akasaidiwa na mke mwenzake. Habari hiyo niliipata kwa bibi, akiwa anachambua dagaa. Mdogo wake babu alizaliwa usiku mkavu, akaitwa Otieno. Sasa tazama kilichotokea. Shule zilipotaka jina la baba liandikwe mwishoni, sisi tukawa akina Okoth na watoto wa yule mdogo wake wakawa akina Otieno. Boma moja, makaburi yako mahali pamoja, tunaitana kaka na dada, lakini kwa vyeti vya duka hili tungekuwa koo mbili zenye nembo mbili. Na mimi ninayebeba jina la mvua nilizaliwa mwezi wa nane, kiangazi, saa sita mchana. Ndiyo maana ya Achieng'.

Ukoo wenyewe una jina lake, na kwetu mara nyingi utalisikia likianza na Ka, yaani kwa fulani. Wanaoshangilia Gor Mahia, klabu ya soka ya Kenya, wakisema K'Ogalo wanatumia mtindo huohuo: kwa Ogalo. Baba akiulizwa msibani yeye ni wa wapi, hajibu Okoth hata siku moja, anataja Ka.

Alinikumbusha kesi ya 1987, ambayo yeye aliifuatilia kwa redio akiwa na miaka 32. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui Otieno, akabishana mahakamani Nairobi na ndugu wa marehemu juu ya wapi azikwe. Mwili ulikaa hadi Mei 1987 ndipo ukazikwa Nyalgunga, Siaya. Ukoo uliosimama kudai mwili uliitwa Umira Kager. "Ulisikia mtu akitaja ukoo wa Otieno?" baba aliniuliza. Kesi yote ile ilikuwa ya ukoo, na jina la mwisho la marehemu halikuwa na uzito wowote ndani yake.

Na simba? Nembo za namna ile ni desturi ya Ulaya, na hata huko haziendi na jina. Ofisi inayosimamia nembo hizo London, College of Arms, ipo tangu 1484, na msimamo wake ni kwamba nembo ni ya mtu aliyepewa na uzao wake wa kiume. Kuitwa jina moja naye hakukupi haki ya kuitumia. Kwa hiyo duka limemuuzia baba yangu kitu ambacho hata Mwingereza hapaswi kuuziwa. Hilo liliniuma, kwa sababu alikuwa ameanza kutafuta msumari.

Niliwapigia kesho yake. Hapa nawapa haki yao: hawakubishana. Dada aliyepokea alisikiliza mpaka mwisho, akasema maelezo wanayatoa mtandaoni na hawana mtu wa kuyahakiki kwa kila kabila, akaniomba nimtumie maandishi yetu. Wakachapa upya bila kudai hela ya karatasi. Nililipa 8,000 tu ya basi.

Maandishi tuliyaandika na baba jioni mbili mfululizo. Yanaanza na koth ni mvua, yanafuata Okoth na Akoth, kisha ule usiku wa mto Mori, kisha jina la ukoo. Ramani nayo tuliirekebisha, maana ya kwanza ilipaka rangi Kenya peke yake. Tukaongeza Rorya, Tarime, Musoma na Mwanza, tukaacha Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kama zilivyokuwa, tukaongeza Tororo upande wa Uganda waliko Wapadhola, ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo. Gulu na Kitgum baba alitaka ziwekwe rangi nyepesi zaidi, kwa kuwa Waacholi wa huko, nao ndugu zetu kwa lugha, hutamka Okot, kwao mvua ni kot. Mshairi Okot p'Bitek, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931, ana mvua ileile jinani mwake. Badala ya simba tukaomba nafasi ibaki tupu.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Fremu na huduma zinastahili tano. Maandishi yao ya kwanza hayastahili hata moja. Ukitaka kuagiza, waambie wakutumie maandishi kabla ya kuchapa, na uyasome ukiwa na mzee wenu pembeni. Kama ukoo wenu na jina lenu la mwisho ni vitu viwili, waeleze mapema, la sivyo wataviunganisha.

Cheti cha pili kilipofika baba alikigeuza, akaandika kwa kalamu ya wino kwenye kadibodi ya nyuma: jina lake, kisha Okoth, kisha baba wa huyo Okoth, na kuendelea juu hadi watu saba. Wa sita ni Okech, aliyezaliwa wakati wa njaa. Hakuna hata mmoja kati yetu watoto aliyewahi kulisikia jina hilo.