Tambi za Ngano Isiyokobolewa: Tathmini ya Pakiti ya Gramu 500 na Hesabu ya Sahani Moja

Pakiti ninayoitathmini ni ya spageti za gramu 500, zilizotengenezwa Italia kwa unga wa ngano ngumu usiokobolewa, na dukani ninakonunua huuzwa kwa bei inayokaribia maradufu ya tambi nyeupe. Jina la chapa halina uzito mkubwa hapa, kwa kuwa takwimu za chapa mbalimbali za aina hii hukaribiana sana. Wanunuzi wengi ni watu walioshauriwa kupunguza uzito au kuangalia sukari, nao huzichukua wakiamini kwamba zina kalori chache. Tambi hizi ni nzuri, na nitaeleza kwa nini, lakini sifa hiyo hazina.

Maandishi ya nyuma ya pakiti yanaonyesha takriban kilokalori 350 kwa kila gramu 100, protini gramu 13 na nyuzinyuzi gramu 8. Tambi nyeupe za kawaida huwa na kilokalori 355 hadi 370 kwa uzito huohuo, na nyuzinyuzi gramu 3 hivi. Kwa sahani moja, basi, tofauti ya kalori ni ndogo mno kuonekana kiunoni, ilhali nyuzinyuzi zimezidi maradufu. Ni tofauti ileile iliyopo baina ya dona na sembe: pumba na kiini vya nafaka vimebaki ndani ya unga, chakula kinakaa tumboni kwa muda mrefu zaidi, na mlaji hatafuti kitafunwa saa mbili baadaye. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula, na sahani moja ya tambi hizi humpa zaidi ya gramu 6. Hicho ndicho unacholipia.

Jambo linalowakwaza wengi ni kipimo. Takwimu zote za pakiti zinahusu tambi kavu, na maelezo hayo yameandikwa kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye miwani ya kusomea atazitafuta kwa shida. Nilipima gramu 80 kavu, kiasi ambacho Waitaliano hukihesabu kuwa sehemu ya mtu mmoja, nikazichemsha kwa dakika kumi kama pakiti inavyoelekeza, nikazichuja na kuzirudisha kwenye mizani: zilikuwa karibu gramu 190. Kilichoongezeka ni maji tu. Kalori zilikuwa 280 kabla ya kuingia sufuriani na zilibaki 280 zilipotoka. Anayepima tambi zilizoiva kisha akatumia takwimu ya pakiti atajiandikia kilokalori 665 na kujinyima chakula bila sababu. Anayefanya kinyume chake, yaani kupima gramu 190 kavu huku akitumia takwimu ya tambi zilizoiva, ambayo ni kama kilokalori 150 kwa gramu 100, atakula zaidi ya mara mbili ya anachodhani anakula, na kosa hili la pili ndilo linalowakatisha tamaa watu wanaosema wamehesabu kila kitu na uzito haushuki. Pima kavu, kabla ya maji, na usibadilishe utaratibu huo.

Asiye na mizani ya jikoni hajakwama. Mimina pakiti nzima juu ya meza safi, igawe mafungu mawili yaliyo sawa, kisha kila fungu ligawe mara tatu. Kila kifurushi kitakuwa na gramu 83 hivi, sawa na kilokalori 290, na unaweza kuvifunga kwa mpira na kuvirudisha kwenye kopo hadi siku ya kupika. Angalia pia kwamba sehemu moja haina maana moja kila mahali: pakiti zinazotoka Marekani huhesabu gramu 56, zenye kilokalori zisizofika 200, na mtu akilinganisha pakiti mbili kwa namba ya sehemu peke yake ataona moja ni nyepesi kuliko nyingine wakati tambi ni zilezile. Linganisha kwa gramu 100.

Kuhusu ladha, harufu yake inakaribia ile ya chapati za unga wa atta, rangi ni ya kahawia iliyokolea, na mdomoni zina mkwaruzo kidogo unaoshika mchuzi vizuri. Zinapenda mchuzi wenye uchachu, kama nyanya zilizokaangwa na vitunguu saumu, samaki wa nazi nyepesi wenye ndimu, au dagaa. Zikipita muda wake jikoni huanza kukatika na kutoa uji, kwa sababu pumba hudhoofisha utando wa protini unaoshikilia tambi, hivyo onja moja dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa.

Sizipendekezi kwa tambi za sukari za pwani, na hapa hesabu inasema zaidi ya ulimi. Chukua tambi gramu 320 za watu wanne, mafuta ya kukaangia mililita 60, sukari gramu 100 na tui zito mililita 250. Tambi zinaleta kilokalori 1,120. Mafuta yanaleta karibu 500, sukari 400, na tui, ambalo hukaribia 200 kwa kila mililita 100, linaleta karibu 500 nyingine. Kila mlaji anapata kilokalori 630, na zaidi ya nusu yake haikutoka kwenye ngano. Kubadili tambi nyeupe kwa hizi ndani ya mapishi hayo ni kutumia fedha mahali ambapo hazitaleta nafuu, na iliki haitafunika ladha ya pumba. Mapishi hayo yabaki na tambi zake nyembamba, na sahani iwe ndogo.

Sahani ninayoipika mara nyingi kwa pakiti hii ina gramu 80 za tambi, nyanya mbili, kitunguu, mchicha, nusu kijiko cha kulia cha mafuta, na gramu 100 za maharage yaliyochemshwa. Jumla yake ni kati ya kilokalori 500 na 600, na nyuzinyuzi zake zinapita nusu ya zile gramu 25 za siku. Ni sahani iliyojaa, na anayeila hahisi kwamba yuko kwenye adhabu ya mlo.

Unaponunua, hakikisha kiambato cha kwanza ni unga wa ngano ngumu usiokobolewa. Kwenye pakiti za Kiitaliano utaona neno integrale. Rangi ya kahawia peke yake isikushawishi. Chagua pakiti yenye tarehe ya mbali, kwa kuwa mafuta yaliyomo kwenye kiini cha ngano huchacha mapema kuliko tambi nyeupe zinavyoharibika, na ukishaifungua ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko.