Ngozi ya mtu ndani ya Blender: uzoefu wangu

Kwa sura za watu, hasa wenye ngozi nyeusi, Cycles, injini ya kutoa picha iliyo ndani ya Blender (programu ya kuchora picha za 3D), naipa alama za juu. Ni bure, na nodi ya Principled BSDF (kisanduku cha kupangia rangi, mng'ao na upenyaji wa mwanga) inatosha bila kununua nyongeza yoyote. Ila vipimo vikikosewa, mtu hugeuka sanamu.

Kwanza pima urefu. Modeli nyingi zilizotengenezwa kwa sentimita huingia mtu akiwa na mita 170 badala ya 1.7. Mwanga unapenya ndani ya ngozi milimita zilezile, kwa hiyo kwenye jitu hilo hauonekani kabisa na uso unakauka kama chokaa. Modeli ikiwa ndogo mno, unayeyuka kama nta. Kwa mtu wa kimo halisi naweka Subsurface Weight (kiasi cha upenyaji wa mwanga) 1, Radius (umbali wa nyekundu, kijani na buluu) 1, 0.2 na 0.1, na Scale (kizidisho cha umbali huo, kwa mita) 0.005: nyekundu inasafiri milimita 5, kijani 1, buluu nusu. Kukokotoa upenyaji huo, njia ya Random Walk (Skin) ndiyo inayolinda mikunjo midogo.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi liko kwenye picha ya Roughness, inayoamua ukavu wa ngozi: namba ikiwa ndogo, mng'ao unakuwa mkali. Lazima isomwe kama Non-Color, yaani namba tupu, si rangi. Ikiachwa sRGB (mpangilio wa picha za rangi), kijivu cha 0.5 kinasomwa 0.21, na mtu anang'aa kama kapakwa mafuta. Kwenye ngozi nyeusi kosa hili linaumiza zaidi, maana melanini (rangi asilia ya ngozi) inafyonza mwanga mwingi na umbo la uso linasomeka kwa mng'ao. Pua na paji nawapa 0.35, mashavu 0.5. Wekundu wa ndani utauona kwenye ncha za masikio taa ikiwa nyuma, na kwenye viganja, usiulazimishe mashavuni.

Macho yana tatizo lake. Konea (utando angavu wa mbele ya jicho) ya kioo hufunika mboni kwa kivuli, jicho likawa shimo. Changanya kioo hicho na Transparent BSDF (uwazi kamili) kupitia Mix Shader (nodi ya kuchanganya), ukiongozwa na Is Shadow Ray ya nodi ya Light Path, ili miale ya kivuli ipite. Kisha weka ukanda mwembamba wa unyevu pale kope la chini linapogusa jicho. Bila huo jicho huonekana limebandikwa.

Ninacholalamikia ni kisafisha chembe (denoiser), kinachoondoa madoadoa kwenye picha: ukirenda, yaani ukitoa picha ya mwisho, kwa sampuli 64 (idadi ya miale kwa kila nukta ya picha) kinafuta vinyweleo vyote. Uso wa karibu naupa sampuli 500 au zaidi, na kwa kompyuta isiyo na GPU (kadi ya picha) hapo ni kusubiri kweli.