Laptopu ya mtumba kwa redio ya SDR: mwombe muuzaji achomoe chaja

Mwaka jana mwezi wa sita nilitoka Mwanjelwa, hapa Mbeya, na laptopu ya mtumba ya laki tatu na ishirini, natabasamu peke yangu kwenye bajaji. Core i5, RAM gigabaiti 8, skrini haina hata mkwaruzo. Nikafika nyumbani Uyole, nikarusha waya wa antena juu ya mparachichi, nikachomeka kidude cha USB cha RTL-SDR V4, kinachoigeuza kompyuta kuwa redio (ndiyo hiyo SDR), nikafungua programu ya kusikilizia, SDR++. Jioni nikaenda 11735 kHz kuitafuta ZBC ya Zanzibar, ambayo wasikilizaji wa mawimbi mafupi wameizoea hapo kwa miaka. Zanzibar sikuiona. Niliona mistari imesimama wima skrini nzima, imepangana kama fito za ukuta wa udongo, na sauti ni mngurumo mtupu.

Nikailaumu antena. Nikazilaumu taa za jirani. Siku ya tatu umeme ukakatika mtaa mzima, laptopu ikabaki kwenye betri, na ile mistari yote ikafutika papo hapo. Sauti ya mtangazaji ikaingia safi. Nilimsikiliza dakika kumi na moja, betri ikafa.

Kwa hiyo humu hutasoma habari za prosesa wala RAM. RTL-SDR hutuma sampuli kama milioni 2.4 kwa sekunde kupitia USB 2.0, na i5 yoyote ya mwaka 2012 inaimudu. Kama unayo ya zamani kabatini, ifute vumbi, iwekee Linux Mint, uanze nayo. Ila kama unakwenda kununua, nunua betri kwanza, halafu laptopu iliyoizunguka.

Sababu ni chaja. Chaja za siku hizi hukatakata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde ili kushusha volti, na mkatokato huo humwaga takataka hadi kwenye mawimbi mafupi. Zilizotengenezwa kwa uangalifu zina vichujio vya kuzizuia. Zile za bei ya kutupa, fundi akizipasua, sehemu ya kichujio mara nyingi utakuta ubao mtupu au kipande cha waya kimeziba nafasi. Dawa ya uhakika ni kusikiliza bila chaja kabisa, na hapo ndipo betri inapoamua nani ni nani.

Nafasi ya kwanza naipa ThinkPad, na sioni haya kusema naipendelea. Siyo ThinkPad yoyote: nataka X240, X250, X260, T450, T460, hadi T480. Hizi zina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa vidole. Ya nje ikiisha unaichomoa mashine ikiwaka, unapachika nyingine, redio haikati. Ukipata ile ya nje iliyonenepa, inayoinua laptopu kwa nyuma, usiulize mara mbili. Mwingine atakuletea T440p au X1 Carbon akuapie kuwa ni yaleyale. Siyo, hazina mpango huo wa betri mbili.

Ya pili ni Dell Latitude E6430 au E6440. Betri inatoka, kibodi inavumilia. Ila Dell huitambua chaja yake kwa pini ya katikati. Ukiweka ya kuokoteza isiyotambulika, mashine itawaka, itajivuta, na betri haitachaji. Yaani kwenye jambo hilihili tunalolikimbia.

HP EliteBook 840 ni ya tatu, mradi iwe G1 au G2. Kuanzia G3 betri ilihamia ndani chini ya skrubu, na mimi sitaki kubeba bisibisi mlimani Loleza.

Vile vilaptopu vidogo vya laki moja na ushee? Viacheni.

Sasa namna ya kununua. Beba redio ndogo ya AM yenye betri. Itegeshe kwenye masafa matupu kati ya stesheni mbili, isogeze karibu na chaja ya laptopu inayochaji, sikiliza. Ikivuma kama nyuki, umeshajua. Kijana mmoja dukani aliniangalia akaniuliza, "Dada, unapiga ramli?" Nikamwambia ndiyo, na mizimu inasema chaja yako mbovu. Kisha kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo iliobaki nao. Ikiwa chini ya nusu, mweleze bei hiyo ni ya laptopu isiyo na betri.

Atakasirika, najua. Nimezunguka maduka ya kutosha Mwanjelwa, Kabwe na Sokomatola, na kila mahali laptopu imekaa mezani imechomekwa tangu asubuhi. Ukisema chomoa, unaambiwa soketi iko mbali, bosi hayupo, "betri inakaa masaa matatu, dada, niamini." Warantii wiki mbili, betri na chaja havimo. Sasa kilichobaki kwenye warantii ni nini, stika ya Intel? Na bei za Kariakoo zinafika huku zimepandishwa elfu hamsini kwa jina la nauli, kana kwamba laptopu ilikalia siti mbili za basi. Aliyeniuzia ya kwangu nilimrudia siku ya nne. Aliniuzia chaja nyingine, "orijino", elfu ishirini na tano. Ilinguruma kuliko ya kwanza.

Ile laptopu sikuitupa. Kelele za chaja hupungua sana ukipanda masafa ya juu, na ndege hutangaza mahali zilipo kwenye 1090 MHz. Nimeiweka dirishani na kidude cha pili na dump1090, programu ya kusoma matangazo hayo ya ndege, imechomekwa ukutani mchana kutwa, inanionyesha zinazoshuka uwanja wa Songwe. Zanzibar naisikiliza kwa X250, na betri ya akiba iko mfukoni mwa koti, maana baridi la Julai huku huila chaji.