Kush au Aksum, nani alifanya makubwa zaidi?

Watu wakitaja Afrika ya kale wanakimbilia Misri tu, wakati falme za Kush ya Sudan na Aksum ya Ethiopia na Eritrea hazisemwi vya kutosha kabisa.

Kwa vita Kush ni moto, walishuka na Nile wakaiteka Misri yenyewe karne ya 8 KK, baadaye mfalme wao Taharqa akatawala kote huko, halafu karne nyingi mbele malkia Amanirenas akapambana na Warumi, na kichwa cha shaba cha sanamu ya Augusto, mtawala wa Roma, kikaja kufukuliwa Meroe, mji mkuu wa Kush, kilizikwa mlangoni pa hekalu ili kila anayeingia akikanyage! Piramidi zao nazo zinapita 200, ndogo ila nyingi kuliko za Misri.

Aksum ni biashara. Bandari ya Adulis, sarafu zao wenyewe za dhahabu, na ile nguzo ya jiwe ya mita 24 hivi ambayo Waitalia waliibeba 1937 ikarudishwa 2005.

Kura yangu naipa Aksum, maana Kigeez, lugha yao ya kale, bado kinasomwa kanisani mpaka leo, ila maandishi ya Meroe, yale ya Kush, sauti zake zinajulikana na maana kubwa bado imefichika.