Marmite, Vegemite na ndugu zao: uzoefu wangu wa rojo jeusi la kupaka mkate

Nianze na hukumu, asiye na muda aende zake. Marmite ya Uingereza, rojo la chumvi linalotokana na hamira ya bia, naipenda na haikosekani kabatini kwangu. Vegemite ya Australia naiheshimu tu. Marmite ya New Zealand, ambayo si ile ile ingawa jina ni moja, naila nikikaribishwa. Cenovis ya Uswisi niliinunua kwa udadisi, ikaisha, sikununua nyingine. Waswahili wenzangu wengi ninaokutana nao huku Uingereza hawafiki hata kwenye kutofautisha. Walionja mara moja, wakakunja uso, wakaomba maji, basi. Na karibu wote, ukiwauliza vizuri, utasikia kwamba waliipaka kama jemu.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Staffordshire, si mbali na Burton upon Trent. Huo ndio mji ambako Marmite inatengenezwa tangu 1902, na ukipita karibu na kiwanda siku ya upepo harufu inakupokea kabla hujaliona jengo. Burton ni mji wa bia toka enzi na enzi. Maji yake ya ardhini yana madini ya jasi, na wapika bia waliyapenda kwa sababu hiyo. Penye bia nyingi pana hamira nyingi iliyokwisha kazi yake, na zamani sehemu kubwa ya mabaki hayo yalikuwa ya kutupa. Mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, ndiye aliyeonyesha katika karne ya 19 kwamba hamira ya bia inaweza kukolezwa, kutiwa chupani na kuliwa. Kampuni ya Marmite ilipoanza, hamira yake ilitoka katika kiwanda cha bia cha Bass, hapo hapo mjini.

Namna inavyotengenezwa si siri kubwa. Hamira hutiwa chumvi na kupashwa moto, chembe zake zinapasuka na kujimeng'enya zenyewe kwa vimeng'enya vilivyomo ndani yake. Maganda huchujwa, maji hupunguzwa mpaka libaki rojo zito, kisha huongezwa viungo na vitamini. Kwa hiyo bila bia hakuna Marmite, na jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2020: baa zilipofungwa kwa ajili ya korona, viwanda vya bia vilipunguza kazi, hamira ikaadimika, na kwa muda kampuni ikabaki kutengeneza chupa za gramu 250 peke yake. Mume wangu aliyezoea chupa kubwa alilichukulia jambo hilo kama msiba wa taifa.

Sasa ladha. Chembe za hamira zinapomeng'enyeka, protini yake huvunjika na kuachia glutamati, kemikali inayoleta ladha nzito ya mchuzi. Ndiyo ladha ile ile ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliigundua mwaka 1908 katika supu ya mwani, akaiita umami, na ndiyo iliyozaa Ajinomoto tunayoijua sote. Ukichemsha mifupa muda mrefu, ukikausha dagaa juani, unaitafuta ladha hiyo hiyo. Kwenye Marmite imebanwa mpaka mwisho, ikawekewa chumvi nyingi na uchungu kidogo unaotoka kwenye bia. Haina utamu wa sukari hata kidogo, na rangi yake inadanganya, maana ukiitazama inang'aa kahawia nzito, inavutika kwenye kisu kama asali mbichi. Macho yanaahidi kitu kitamu, ulimi unapokea chumvi. Hapo ndipo watu wengi wanapopotelea.

Shemeji yangu mmoja alikuja kututembelea kutoka Dar es Salaam. Asubuhi akakuta chai, mkate na chupa ile mezani. Hakuuliza. Alichota kwa kijiko cha chai, akaisambaza slesi nzima pembe hadi pembe, unene wa jemu ya embe, akauma kwa nguvu zote za mtu mwenye njaa. Sitaeleza yaliyofuata kwa heshima yake. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akamtengenezea slesi nyingine jinsi wanavyofanya wao: mkate umebanikwa na bado moto, siagi nyingi kwanza iyeyuke, kisha Marmite kiasi cha ncha ya kisu ikokotwe juu ya siagi mpaka ibaki mistari ya kahawia yenye mapengo. Shemeji aliimaliza. Hakusema naipenda, hakusema naichukia, alisema, "Hii sasa inaliwa."

Ndiyo maana ule msemo wa matangazo yao, "ipende au ichukie", ulioanza mwaka 1996, mimi naona umeuza chupa nyingi lakini umeharibu mjadala. Umewafanya watu waamini kwamba kuna makabila mawili tu, na wewe unazaliwa katika moja. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilishirikiana na watu wa vipimo vya vinasaba ili kuonyesha kwamba mapenzi ya Marmite yamo kwenye damu. Tangazo zuri, lakini kwa sayansi ya namna hiyo sitaweka rehani hata kanga. Ninachokiona mimi mezani ni mazoea. Waingereza hupakiwa kidogo kidogo tangu wakiwa wadogo, kwenye vipande vyembamba vya mkate vya kuchovya kwenye yai. Mama mkwe wangu haipendi wala haichukii. Anaila, kama anavyokunywa chai.

Na sisi watu wa pwani tuna sababu gani ya kuikimbia? Mtu aliyekulia nyumba yenye papa mkavu, ng'onda na dagaa wa kukausha, aliyepishana na harufu ya ng'onda akibanikwa uani, leo anasema rojo hili linanuka! Tatizo si ukali. Tatizo ni kwamba linatukuta kwenye mkate, na mkate wetu wa asubuhi umezoea Blue Band, jemu au asali, pembeni chai ya maziwa yenye sukari. Ng'onda tunamla na ugali au wali wa nazi, hakuna anayempaka kwenye skonzi. Nilipompelekea mama yangu chupa Tanga, hakuihangaikia na mkate. Alilamba ncha ya kidole, akanyamaza kidogo, akasema, "Hii Royco ya Wazungu," akaichukua jikoni. Ukitazama wenyewe wa kampuni utaona hakukosea sana, maana Royco na Marmite zote mbili ni za kampuni ya Unilever.

Nije kwenye ndugu zake.

Vegemite ni mtoto wa vita. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipovuruga shehena za Marmite kwenda Australia, Fred Walker wa Melbourne akampa kazi mkemia Cyril Callister atengeneze ya nyumbani. Ikaingia madukani 1923, ikadoda. Walker akafika mahali pa kuibadilisha jina kuwa Parwill kuanzia 1928 hadi 1935, mchezo wa maneno wa Kiingereza ("Ma might", mama huenda akaweza, lakini "Pa will", baba ataweza) uliokusudiwa kuipiga kijembe Marmite, na haukusaidia kitu. Kilichosaidia ni Vita vya Pili, ilipoingia katika posho ya wanajeshi. Tofauti yake unaiona kabla ya kuonja: nyeusi tii, nzito, haivutiki, inapakika kama siagi ya baridi. Mdomoni ina uchungu zaidi na haina ule mviringo wa mwisho wa Marmite. Kwa mkate na siagi nadhani Waaustralia wana hoja, kwa sababu inatulia mahali ulipoiweka. Kwa kupikia inanishinda, uchungu unabaki juu ya chakula kama mgeni asiyeaga.

Marmite ya New Zealand inatengenezwa na kampuni ya Sanitarium huko Christchurch. Ina sukari ndani, na kweli unaisikia. Mfanyakazi mwenzangu kutoka huko huletewa na dada yake, na haruhusu chupa ya Kiingereza iwekwe karibu na yake. Mwanzoni nilidhani ni utani. Kumbe hawa watu wana historia: tetemeko la ardhi la 2011 liliharibu kiwanda hicho, uzalishaji ukasimama, mwaka 2012 madukani ikaisha, na hawakuipata tena mpaka Machi 2013. Mtu aliyekosa kifungua kinywa cha utotoni mwaka mzima usibishane naye. Kwangu ni laini mno. Lakini ukitaka kumwanzisha mtoto au mgeni aliyezoea jemu, anza na hiyo.

Cenovis, ya Uswisi tangu 1931, mara nyingi huja kwenye tyubu kama dawa ya meno, na ina ladha ya mboga mboga. Safarini inafaa. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Jikoni ndiko ninakoidai Marmite nyota zake zote. Kijiko kimoja cha chai katika sufuria ya maharage yasiyo na nyama, kitunguu kikishakaangika na nyanya kuiva, na mchuzi unakuwa na kiuno. Kunde vile vile. Mchuzi wa uyoga ndio kabisa, wageni huuliza nyama iko wapi. Viazi vya kuoka: yeyusha na mafuta kidogo, vipake dakika za mwisho ili visiungue. Mwenzangu mmoja kazini, Msri Lanka, ndiye aliyenifundisha kuikoroga kwenye maji ya moto na kukamulia ndimu, kinywaji cha mtu mwenye mafua. Kwao Marmite ni kitu cha kila nyumba. Wamalaysia wanaitumia kwa kuku wa kukaanga na uji wa mchele, na uji huo nimeujaribu asubuhi ya baridi, na kitunguu jani juu. Mzuri sana. Watu hawa hawana mjadala wa kupenda na kuchukia kwa sababu hawakuanza na mkate mtupu.

Isipokuwa usiitie kwenye nazi. Mchicha wa nazi, samaki wa kupaka, wali: achana nayo. Utamu wa tui na uchungu ule vinapigana na wote wawili wanashindwa. Na popote unapoitia, punguza chumvi yako ya kawaida. Katika kila gramu 100 za Marmite kuna zaidi ya gramu 10 za chumvi. Mwenye presha na aiguse kwa adabu.

Waislamu wenzangu huniuliza la halali kabla ya ladha, na wana haki. Haileweshi, lakini asili yake ni hamira iliyotumika kupikia bia, na kuhusu hilo nimesikia watu wa elimu wakitofautiana. Vegemite ina cheti cha halali, kwa hiyo mwenye moyo mzito ashike hiyo. Mimi nimemuuliza shehe ninayemwamini na nimetulia. Wewe muulize wako. Anayetumia zile dawa za zamani za sonona za kundi la MAOI asiiguse bila kumuuliza daktari, kwa sababu ina kemikali nyingi iitwayo tiramini na inaweza kupandisha presha ghafla. Na wenye mzio wa ngano au shayiri wasome lebo.

Upande wa afya una mema yake pia. Vitamini B12 iliyoongezwa humo ni msaada kwa wasiokula nyama. Halafu kuna daktari Lucy Wills, Mwingereza aliyekwenda Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920 kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito wa viwanda vya nguo walikuwa wanapungukiwa damu vibaya. Aliwapa Marmite, wakapata nafuu, na uchunguzi ule ndio uliofungua njia ya kugunduliwa kwa foliki, hii hii ambayo leo kila mjamzito hupewa kliniki. Nilipolisoma hilo niliitazama chupa kwa jicho lingine, ingawa siwashauri wajawazito waache vidonge vyao wakalambe rojo.

Bei si ndogo. Chupa ya gramu 250 inapita pauni tatu, na Oktoba 2016, pauni iliposhuka baada ya kura ya kujitoa Ulaya, Unilever na maduka ya Tesco waligombania bei mpaka Marmite ikatoweka kwenye duka lao la mtandaoni kabla hawajapatana. Lakini chupa moja, ukiitumia kama kiungo, inakaa miezi. Haihitaji friji. Usinunue ile ya plastiki ya kuminya, inatoa nyingi mno kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo mgeni anapofanya aliyofanya shemeji. Ya kioo tatizo lake ni chini, haikwanguliki. Mume wangu huhangaika na kisu asubuhi nzima. Mimi namimina maji ya moto nusu kikombe, nafunga, natikisa, na yote yanaingia kwenye sufuria ya maharage.